Nyoka wa Kufugwa Anapokataa Chakula Katika Majira ya Baridi

Kukosa hamu ya kula ni dalili ambayo mhudumu wa afya haipuuzi. Mtoto anayekataa kunyonya, mzee anayesukuma sahani kando, mgonjwa ambaye nguo zimeanza kumpwaya, wote huulizwa maswali, hupimwa uzito na hutafutiwa chanzo cha tatizo. Si ajabu basi kwamba mtu anayefuga nyoka huingiwa na hofu ileile mnyama wake anapokataa panya wiki baada ya wiki, tangu Novemba hadi Machi, huku akionekana mzima kwa kila jambo jingine.

Hofu hiyo ina msingi wake, lakini kipimo tunachotumia kwa binadamu hakifai kwa nyoka. Nyoka mpevu mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na asipate madhara. Kinyume chake, haraka ya mfugaji ya kutaka ale kwa vyovyote inaweza kumjeruhi mnyama, na inaweza kuingiza maradhi ndani ya nyumba. Makala haya yanaeleza kwa nini nyoka hufunga wakati wa baridi, namna ya kupambanua mfungo wa kawaida na ugonjwa, hatua za kuchukua, na tahadhari ambazo familia na watoa huduma za afya wanapaswa kuzizingatia.

Jambo hili linawagusa zaidi wasomaji wetu wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako kufuga nyoka nyumbani ni jambo la kawaida na majira ya baridi ni marefu. Hata hivyo, wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki nao wana la kuzingatia, kwa kuwa maambukizi yatokanayo na wanyama watambaao hayatambuliwi kwa urahisi ikiwa hakuna anayeuliza habari za wanyama hao.

Nyoka wanaofugwa na asili yao

Nyoka anayejulikana zaidi kwa kukataa chakula ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye wataalamu humwita Python regius. Akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Mpevu huwa na urefu wa takriban mita 1 hadi mita 1.5, hana sumu, na akitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegali hadi Uganda. Kwa miongo mingi Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikiwasafirisha chatu hawa kwa wingi kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, katika biashara inayosimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES.

Wa pili ni nyoka wa mahindi, mwenye rangi ya chungwa na mabaka mekundu, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Wa tatu anatoka katika ukanda wetu. Ni nyoka mfupi, mnene, wa maeneo makavu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ambaye hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa amejifukia mchangani na kuvizia mawindo yanayopita juu yake.

Ni vema mfugaji ajue asili ya nyoka wake kabla ya jambo jingine lolote. Mnyama aliyezaliwa katika kizimba cha kioo mjini London bado ana mwili uliojengwa kwa kufuata misimu ya nchi ya mababu zake. Atakula na kufunga kwa kalenda hiyo, na si kwa ratiba iliyobandikwa ukutani.

Joto ndilo linalomeng'enya chakula

Mwili wa binadamu hujitengenezea joto lake. Tuwe Njombe katika umande wa Julai au Tanga katika jua la Februari, joto letu la ndani hubaki karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya chakula tunachokula hutumika kuwasha tanuri hilo mchana na usiku. Nyoka hana tanuri la namna hiyo. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akihitaji joto hujianika juani au hulala juu ya jiwe lililopata moto, na akihitaji kupoa huingia shimoni. Kwa kuwa hatumii chakula kujipasha joto, mahitaji yake ni madogo mno yakilinganishwa na ya mamalia mwenye uzito uleule. Ndiyo maana chatu mpevu hutosheka na mlo mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu hata katika miezi anapokula vizuri.

Utegemezi huo una athari nyingine. Vimeng'enya vya tumboni hufanya kazi kwa kasi inayolingana na joto. Mwili ukipoa, vimeng'enya hupunguza kazi na misuli ya utumbo hulegea. Nyoka humeza mawindo yake mazima, pamoja na manyoya na mifupa. Panya aliyemezwa na nyoka mwenye mwili wa baridi anaweza kuanza kuoza kabla ya kumeng'enywa. Hapo bakteria huzaliana, gesi hujaa tumboni, na nyoka hutapika mzoga au hupata maambukizi yanayoweza kumuua. Kwa hiyo nyoka aliyepoa anapokataa chakula anajikinga na hatari iliyo kubwa kuliko njaa.

Chatu wa Afrika Magharibi huhitaji kizimba chenye upande wa joto wa nyuzi 31 hadi 33 na upande wa baridi wa nyuzi 24 hadi 27, ili achague mwenyewe pa kukaa. Nyoka wa mahindi hutosheka na joto la chini kidogo. Wote huhitaji maficho katika kila upande, maji safi wakati wote, na unyevu wa hewa unaolingana na asili yao.

Kwa nini hamu hupotea wakati wa baridi

Sababu ya kwanza, na iliyo rahisi kurekebisha, ni kizimba kupoa bila mfugaji kutambua. Taa au mkeka wa umeme uliotosha mwezi Julai hautoshi Januari, hasa katika nyumba ambayo mitambo ya kupasha joto huzimwa usiku au wenyeji wanapokwenda kazini. Kizimba kilicho karibu na dirisha au mlango wa nje hupoa zaidi. Aidha, hewa ya nyumba inayopashwa joto huwa kavu. Ukavu huo humpunguzia nyoka maji mwilini na kumtatiza wakati wa kujivua gamba.

Sababu ya pili ni mwanga. Katika nchi za kaskazini, mchana wa Desemba huwa mfupi sana. Nyoka aliye katika chumba chenye dirisha huutambua ufupi huo hata kama kizimba chake kina joto la kutosha, na mwili wake huuchukua kuwa ishara ya kubadilika kwa majira.

Sababu ya tatu ni uzazi. Chatu dume aliyepevuka mara nyingi huacha kula miezi ya kupandana, akizunguka kizimbani usiku kucha akitafuta jike. Jike naye huweza kukataa chakula mayai yanapokomaa, na akishataga huyazungushia mwili wake kwa takriban miezi miwili akiyalinda bila kula. Inafaa kukumbuka kwamba miezi ambayo Ulaya huwa ya theluji, kaskazini mwa Ghana, Togo na Benin huwa ya ukame na pepo kavu za harmatani zitokazo Sahara. Chatu wa huko hutaga kuelekea mwisho wa ukame huo, na watoto huanguliwa mvua zinapoanza. Mfungo wa chatu aliyeko ugenini, kwa sehemu kubwa, unafuata kiangazi cha kwao.

Sababu ya nne inahusu nyoka wa nchi za baridi, kama yule wa mahindi. Katika mazingira yake ya asili huingia mashimoni wakati wa baridi na kukaa katika hali ya kuzubaa, mapigo ya moyo yakiwa yamepungua, pasipo kula hadi joto lirudi. Baadhi ya wafugaji wanaotaka kuwazalisha huiga hali hiyo kwa kushusha joto polepole hadi nyuzi 10 au 15 kwa muda wa miezi miwili au zaidi. Kabla ya kufanya hivyo humnyima nyoka chakula kwa wiki kadhaa ili tumbo liwe tupu. Utaratibu huu haufai kwa nyoka mgonjwa, aliyekonda au mchanga. Haufai kabisa kwa chatu wa Afrika Magharibi, ambaye baridi ya kiasi hicho humletea maradhi ya mapafu.

Mwili unaojua kufunga

Uwezo wa nyoka wa kuishi bila chakula umechunguzwa maabara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Marshall McCue wa Chuo Kikuu cha Arkansas aliwachunguza nyoka wa jamii tatu, akiwemo chatu wa Afrika Magharibi, waliokaa takriban siku 168 bila kula. Aliona kwamba baadhi yao walipunguza matumizi ya nishati mwilini kwa kiwango kilichofikia asilimia 72. Zaidi ya hayo, nyoka hao waliendelea kurefuka, ingawa uzito wao ulipungua.

Kinachotokea mfungo unapokwisha kimewavutia watafiti wa tiba ya binadamu pia. Stephen Secor na Jared Diamond walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba utumbo wa chatu wa Burma hunywea na kutulia anapofunga. Akishameza mlo, utumbo mwembamba huongezeka uzito karibu maradufu ndani ya siku chache, na kwa mlo mkubwa sana matumizi ya nishati huweza kupanda hata kuzidi mara 40. Mwaka 2005 watafiti wa California waliripoti kwamba moyo wa chatu hukua kwa takriban asilimia 40 katika saa 48 baada ya kula. Mwaka 2011 kundi la Leslie Leinwand wa Chuo Kikuu cha Colorado lilibainisha mchanganyiko wa asidi za mafuta katika damu ya chatu aliyekula ambao ulipodungwa kwa panya uliikuza mioyo yao kwa namna ya kiafya, kama ile ya mwanariadha. Utafiti wa aina hii unaendelea kwa matumaini ya kuelewa zaidi maradhi ya moyo.

Tafadhali msomaji asitoe hapa hitimisho lisilo sahihi. Mwili wa binadamu hauna uwezo huo. Mhudumu aliyewahi kutibu utapiamlo mkali anajua kwamba mtoto huanzishiwa maziwa ya F-75 kidogo kidogo, kwa sababu chakula kingi cha ghafla huvuruga fosfati na potasiamu katika damu na huweza kusimamisha moyo. Hata nyoka ana kikomo chake. Aliyepita mfungo wa kawaida akafikia kudhoofika kwa kweli yumo katika hatari inayofanana na hiyo, na anapaswa kurudishiwa chakula taratibu chini ya uangalizi wa daktari wa wanyama.

Mfungo au ugonjwa?

Chombo cha kwanza cha kujibu swali hili ni mizani. Mizani ya jikoni inayosoma kwa gramu inatosha, mradi iwe ya nyoka peke yake na isirudishwe kutumika kwa chakula cha watu. Nyoka awekwe ndani ya chombo chepesi chenye kifuniko, apimwe kila baada ya wiki mbili, na namba iandikwe pamoja na tarehe. Tuseme chatu alikuwa na gramu 1,500 mwezi Oktoba. Akipimwa Januari akawa na gramu 1,425, amepungua asilimia 5, na ikiwa hana dalili nyingine hakuna sababu ya wasiwasi. Akifikia gramu 1,350, yaani pungufu ya asilimia 10, apelekwe kwa daktari wa wanyama mwenye ujuzi wa wanyama watambaao, hata kama anaonekana mchangamfu.

Nyoka aliye katika mfungo wa kawaida ana mwili wa mviringo, uti wa mgongo haujachongoka, macho ni maangavu, hupumua kimya kwa mdomo uliofungwa, hutoa ulimi mara kwa mara na hunywa maji. Ikiwa macho yamekuwa na ukungu wa samawati na ngozi imefifia, yupo karibu kujivua gamba. Nyoka wengi hukataa chakula katika siku hizo na huanza tena kula baada ya kujivua.

Dalili zifuatazo si za mfungo, na yeyote anayeziona asisubiri majira kupita:

- Kupumua kwa sauti ya mluzi au kukoroma, mdomo kubaki wazi, au mapovu na ute puani na mdomoni. Hizi huashiria maambukizi ya njia ya hewa.
- Ufizi uliovimba, wenye wekundu, damu au usaha mzito.
- Kutapika chakula, hasa kwa kurudiarudia, au uvimbe wa kudumu katikati ya mwili. Miongoni mwa visababishi ni kimelea kiitwacho Cryptosporidium serpentis, ambacho hunenepesha kuta za tumbo la nyoka.
- Kichwa kutetemeka au kuelekea juu bila sababu, au nyoka kushindwa kujigeuza akilazwa chali.
- Wadudu wadogo weusi mfano wa punje za pilipili manga iliyosagwa, kandokando ya macho au majini. Hao ni utitiri, wanaonyonya damu.
- Ngozi iliyokunjamana na macho yaliyodidimia, ambazo ni dalili za kupungukiwa maji.
- Kinyesi cha majimaji, chenye damu au chenye harufu kali isiyo ya kawaida.

Umri nao huzingatiwa. Nyoka mchanga hana akiba kubwa ya mafuta. Aliyeanguliwa mwaka huohuo akikataa chakula kwa wiki kadhaa mfululizo apelekwe kwa daktari mapema, bila kungoja apungue kama tulivyoeleza kwa mpevu.

Hatua za kuchukua

Mfugaji aanze na kizimba kabla ya kuanza na nyoka. Apime joto la pande zote mbili, mchana na usiku, kwa kipimajoto cha kuaminika, si kwa kugusa kioo kwa kiganja. Chombo cha kupasha joto kiunganishwe na kidhibiti joto, kwa kuwa nyoka huweza kuungua vibaya akilala juu ya mkeka wa umeme usiodhibitiwa. Kizimba kiondolewe karibu na dirisha, unyevu upimwe, na taa ziwashwe na kuzimwa kwa saa zilezile kila siku.

Hali ya kizimba ikiwa sawa, mfugaji amwache nyoka atulie. Ampe chakula mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu badala ya kila siku. Chakula chenyewe kiwe panya aliyegandishwa, akayeyushwa na kupashwa joto kidogo, awekwe jioni nyoka anapoanza kuzunguka. Akimwacha hadi asubuhi bila kumgusa, panya huyo atupwe wala asigandishwe tena. Nyoka asishikweshikwe siku za karibu na mlo. Maji yabadilishwe kila siku, maana nyoka anaweza kuvumilia kukosa chakula kwa miezi, lakini hawezi kuvumilia kukosa maji kwa muda wa namna hiyo.

Kuna mambo mawili yasiyofaa kufanywa. La kwanza ni kumwachia nyoka panya hai ndani ya kizimba. Nyoka asiye na njaa hajihami, na panya huweza kumng'ata mgongoni usiku mzima hadi kufikia mfupa. La pili ni kumlisha kwa nguvu. Kumfungua nyoka mdomo na kumsukumia chakula huvunja meno, huchana ufizi na koo, na chakula kinaweza kuingia katika njia ya hewa. Kwa nyoka aliyepoa, huishia katika kutapika na kudhoofika zaidi. Kazi hiyo ni ya daktari wa wanyama, kwa mgonjwa aliyechunguzwa na ambaye upungufu wake wa maji umeshatibiwa.

Akitapika, aachwe bila chakula kwa muda usiopungua siku 10 hadi 14, kisha aanze na mlo mdogo kuliko wa kawaida yake. Kutapika kukijirudia, aonwe na daktari.

Usalama wa watu wa nyumbani

Nyoka wengi, pamoja na kobe na mijusi, hubeba bakteria wa salmonela matumboni mwao bila kuugua. Bakteria hao hutoka na kinyesi na kuenea katika ngozi ya mnyama, maji yake, kizimba na vyombo. Mnyama anayeonekana safi na mwenye afya anaweza kuwa anawatoa. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo tangu mwaka 1975 kwa sababu ya watoto walioambukizwa kwa njia hiyo.

Chakula cha nyoka nacho ni chanzo. Kugandisha hakuui salmonela. Kuanzia mwaka 2008 Uingereza ilikumbwa na mlipuko wa salmonela katika familia zinazofuga nyoka, wengi wa wagonjwa wakiwa watoto, na chanzo kikabainika kuwa panya waliogandishwa kutoka Marekani kwa ajili ya kulisha wanyama hao.

Miezi ya mfungo huongeza nafasi za kuambukizwa. Mfugaji mwenye wasiwasi humshika nyoka mara nyingi zaidi kumchunguza. Panya wengi zaidi huyeyushwa, hukataliwa na kutupwa. Madirisha yamefungwa, na watoto wapo ndani muda mrefu. Kwa hiyo familia izingatie haya:

- Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumgusa nyoka, kizimba chake au chakula chake.
- Panya wasiyeyushwe katika sinki la jikoni, sufuria za nyumbani au tanuri la maikrowevu linalotumika kwa chakula cha watu. Watengewe chombo chao na mahali pao.
- Kizimba na bakuli la maji visioshwe mahali panapotayarishwa chakula wala katika beseni la kumwogeshea mtoto.
- Nyoka asiachwe kutembea jikoni, mezani au kitandani, na asibusiwe.

Watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi, na watu wenye upungufu wa kinga hawashauriwi kuishi nyumba moja na wanyama watambaao. Kwa familia zetu kuna kundi jingine la kutajwa waziwazi, nalo ni wagonjwa wa selimundu. Kwao salmonela ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizi ya mifupa, na maambukizi hayo huleta maumivu makali, homa na kulazwa kwa muda mrefu. Kwa watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, bakteria hao huweza kuingia katika damu na kurudi tena baada ya matibabu. Nyumba yenye mtoto wa selimundu haifai kuwa na nyoka, hata akiwa mpole kiasi gani.

Kwa mhudumu wa afya

Dalili za salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya maambukizi. Mgonjwa hupata kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na pengine kinyesi huwa na damu. Wengi hupona ndani ya wiki moja kwa kunywa maji ya kutosha na ORS, bila antibiotiki. Watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa selimundu na wenye upungufu wa kinga wanahitaji uchunguzi wa haraka zaidi, ikiwemo kuotesha damu na kinyesi maabara.

Swali moja fupi huweza kufupisha safari ya mgonjwa: "Nyumbani kwenu kuna mnyama yeyote, na nani anamhudumia?" Mzazi hatataja nyoka asipoulizwa, ama kwa kudhani hahusiani na kuhara kwa mtoto, ama kwa kuona haya. Swali liulizwe bila kukemea. Mgonjwa akisema nyoka hajala tangu mwezi uliopita, mhudumu asiishie kushangaa. Amwelekeze kwa daktari wa wanyama, kisha aulize ni nani humshika na chakula chake huandaliwa wapi.

Aliyeng'atwa na nyoka asiye na sumu wakati wa kumlisha aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, na ahakikishiwe chanjo ya pepopunda. Ikiwa aina ya nyoka haijulikani kwa hakika, jeraha lihesabiwe kuwa la nyoka mwenye sumu na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki tunasisitiza kwamba nyoka wa porini si wa kuokotwa na kufugwa. Si rahisi kwa mtu asiye mtaalamu kumtofautisha chatu mchanga na kifutu, na kifutu anaua. Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haziruhusu kumiliki mnyamapori bila kibali cha mamlaka husika.

Hitimisho

Mfungo wa majira ya baridi ni sehemu ya maisha ya nyoka wengi. Mfugaji mwenye kipimajoto sahihi, mizani na daftari la kumbukumbu ana nyenzo za kutosha kujua lini asubiri na lini atafute msaada. Uzito ukishuka kwa asilimia 10, au dalili yoyote tuliyoitaja ikionekana, subira ifikie kikomo. Na katika miezi hiyo yote, mnyama akiwa anakula au hali, sabuni na maji yanayotiririka viwe karibu na kizimba. Nyoka anaweza kungoja chakula hadi Machi, lakini mtoto mdogo aliyeambukizwa salmonela hawezi kungoja matibabu hata kwa siku chache.